Betri za akiba za kamera: idadi, kufunga begi, safari ya ndege na utunzaji

Kosa la kawaida kuliko yote halihusu ubora wa betri. Mpiga picha ana betri nne begini. Ya kwenye kamera inaisha, anapapasa, anachomeka nyingine, na skrini inamwonyesha alama nyekundu ile ile: amerudisha betri aliyoitoa saa mbili zilizopita. Zote nne zina umbo moja, rangi moja, uzito mmoja. Iliyojaa na iliyokauka hazitofautiani kwa macho wala kwa mkono. Kwa hiyo kila hatua iliyoko hapa chini, kuanzia kuhesabu hadi kuhifadhi, inarudi kwenye swali hilo hilo: betri uliyoishika, unajua hali yake?

Soma kwanza kilichoandikwa kwenye betri

Geuza betri utafute namba tatu: volti (V), miliampia-saa (mAh) na wati-saa (Wh). Betri nyingi za kamera kubwa zina seli mbili za lithiamu zilizounganishwa mfululizo, ndiyo maana utaona takriban 7.2 V. Zikijaa kabisa zinafika 8.4 V. Wati-saa ndiyo namba yenye maana zaidi, kwa kulinganisha betri na kwa ukaguzi wa uwanja wa ndege. Isipoandikwa, zidisha volti kwa mAh kisha gawanya kwa 1000. NP-FZ100 ya Sony ina 7.2 V na 2280 mAh, yaani Wh 16.4. NP-W126S ya Fujifilm ina 7.2 V na 1260 mAh, yaani takriban Wh 9. Anayehama kutoka kamera ya betri ya pili kwenda ile ya kwanza asibebe idadi ile ile aliyoizoea; betri moja tayari ina nguvu inayokaribia mara mbili.

Angalia pia herufi za mwisho za jina. Canon ilianza na LP-E6 yenye 1800 mAh, ikafuata LP-E6N yenye 1865, kisha LP-E6NH yenye 2130. Umbo ni lile lile, ujazo ni tofauti. Kwa Nikon, EN-EL15 na EN-EL15a hazichajiwi ndani ya kamera kwa waya wa USB, lakini EN-EL15b na EN-EL15c zinachajiwa. Mtu akiazima betri ya zamani akaacha chaja nyumbani kwa kuamini waya utatosha, ataamka asubuhi na betri iko vile vile alivyoiacha.

Ubebe ngapi?

Namba ya picha inayotangazwa na watengenezaji hutokana na jaribio la CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani. Kamera inapiga picha moja kila sekunde 30, skrini ikiwaka, katika halijoto ya takriban nyuzi 23, flashi ya ndani (kama ipo) ikiwaka kila picha ya pili, na kamera ikizimwa na kuwashwa kila baada ya picha kumi. Kwa kipimo hicho Nikon D850, yenye kioo cha ndani na tundu la kutazamia lisilohitaji umeme, hufikia picha 1840. Nikon Z6, isiyo na kioo hicho, hupata 310 tu. Tofauti kubwa namna hiyo haitokani na betri. Z6 inawasha skrini muda wote unapotazama.

Namba ya CIPA basi ni ya kulinganishia kamera na kamera, haipangi siku yako. Anayepiga picha mfululizo kwenye mchezo wa mpira anaweza kuipita mara tatu kwa chaji moja, kwa sababu kinacholiwa ni muda wa kamera kuwaka kuliko idadi ya mibofyo. Anayesubiri ndege atue tawini, kamera imewaka nusu saa, anaweza asifikie hata nusu yake.

Pima mwenyewe. Chaji betri moja hadi ijae, fanya kazi yako ya kawaida, na uandike saa uliyoanza na saa iliyozima. Rudia mara mbili. Chukua matokeo madogo zaidi, ugawe kwa hayo saa za kazi iliyo mbele yako, ukipata sehemu panda hadi namba kamili, kisha ongeza moja. Betri inayokupa saa 2 na dakika 30, kazi ni ya saa 8: jibu ni 3.2, unapanda hadi 4, unaongeza moja, unabeba tano, pamoja na ile iliyomo kwenye kamera. Hiyo moja ya ziada isiguswe kwenye mipango. Ipo kwa ajili ya betri itakayokusaliti.

Kwa video tumia wati. Kamera inayokula wati 6 ikirekodi, kwa betri ya Wh 16, kwenye karatasi inakupa saa mbili na dakika arobaini. Panga kwa asilimia 80 ya hapo, maana betri haitoi yote na kati ya kipande na kipande kamera inaendelea kuwaka. Kama kazi ni kurekodi mahali pamoja kwa muda mrefu, rundo la betri ni jibu baya. Tafuta betri bandia yenye waya, ile inayoingia mahali pa betri na upande wa pili kuchomekwa ukutani.

Za mtengenezaji wa kamera au za kampuni nyingine

Za kampuni nyingine si lazima ziwe mbaya, ila ujue zinapokwama. Mbali na chanya na hasi, betri ya kamera huwa na vibati vingine vya kupeleka taarifa: kimoja hupima joto, kingine huzungumza na kamera. Chipu ya taarifa ikiwa duni, asilimia unayoiona ni ya kubahatisha. Betri inaonyesha 40, dakika tano baadaye imezima. Wakati mwingine kamera ikisasishwa programu yake inaikataa kabisa betri iliyokuwa ikifanya kazi jana.

Ujazo uliotiwa chumvi ni rahisi kuugundua. Kama betri halisi ya umbo hilo ina 2000 mAh, nyingine ya umbo hilo hilo inayodai 3500 inasema uongo. Hakuna nafasi humo ndani ya seli za namna hiyo. Ushauri wetu ni kuwa na walau mbili za mtengenezaji mwenyewe, na hizo ndizo za kutumia kwenye baridi, kwenye video ndefu, na kama akiba ya mwisho. Nyingine zifanye kazi ya mchana wa kawaida.

Zipe namba

Siku betri inapoingia nyumbani, kabla haijachanganyika na wenzake, iandike namba kwa makapeni isiyofutika, pamoja na mwezi na mwaka wa kuinunua. Andika upande unaoonekana betri ikiwa kwenye chaja. Ukibandika karatasi, iwe nyembamba sana: chumba cha betri hakina hata milimita ya kugawa, na karatasi iliyojikunja pembeni itaifanya betri ikwame.

Namba zinafanya kazi mbili. Kwanza unazizungusha, 1 leo, 2 kesho, ili moja isichakae huku nyingine zikilala. Pili, ukiona namba 3 inazima mapema kila mara, unajua ni yenyewe. Kamera za Nikon nyingi huonyesha umri wa betri kwenye menyu kwa kipimo cha 0 hadi 4, 0 ikiwa mpya na 4 ikiwa ya kubadilishwa. Canon huonyesha visanduku vitatu vya kijani, vikipungua kadiri betri inavyochoka. Kikibaki kimoja chekundu, nunua nyingine. Taarifa hizi hupatikana kwa uhakika kwa betri za kampuni yenyewe.

Jioni kabla ya kazi

Chaji zote, pamoja na zile unazodhani zimejaa. Betri ya lithiamu hupoteza chaji kidogo ikiwa imekaa tu, na iliyoachwa ndani ya kamera yenye Bluetooth au Wi-Fi inayobaki hai huisha haraka zaidi. Chaja ya tundu moja huchukua takriban saa mbili na nusu kwa betri kubwa kama LP-E6 au NP-FZ100, kwa hiyo betri nne ni saa kumi. Ukianza saa tatu usiku hutamaliza kabla ya alfajiri, na hutaki kuamka usiku kubadilisha. Mwenye betri zaidi ya tatu anahitaji chaja ya matundu mawili kuliko anavyohitaji betri ya nne.

Chajia mahali penye hewa na pagumu, si juu ya kitanda wala mto. Halijoto kati ya nyuzi 10 na 30 ndiyo nzuri. Chini ya nyuzi 0 usichaji kabisa, kwa sababu lithiamu hujitandaza kama metali juu ya ncha hasi ndani ya seli badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo haurudi. Betri iliyotoka kwenye baridi iache ifikie joto la chumba kwanza.

Taa ya chaja ikionyesha imejaa, itoe, iguse. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa ya moto kiasi cha kutaka kuiachia, iweke pembeni juu ya sakafu au sahani ya udongo na usiibebe. Kisha chomeka kila moja kwenye kamera kwa sekunde chache uone asilimia. Ni dakika mbili tu, na huonyesha chaja iliyodanganya: betri haikukaa sawasawa, taa ikawaka, umeme haukupita.

Kufunga: shoti kwanza, mpangilio pili

Tazama mwisho wa betri, vile vibati vidogo vya rangi ya dhahabu vilivyopangwa mstari mmoja. Kati ya kimoja na kingine pana milimita chache. Ufunguo mmoja, sarafu moja, au mnyororo mwembamba ukilala juu ya chanya na hasi kwa pamoja, betri inapiga shoti: mkondo mkubwa unapita kwenye kipande kile cha chuma, kinapata moto, na betri nayo. Nyingi zina saketi ya kukata umeme ndani. Usiweke dau mfukoni mwako juu ya saketi hiyo, hasa kwa betri ya bei rahisi.

Kila betri ya akiba ivae kifuniko chake cha plastiki. Kimepotea? Tepu ya fundi umeme juu ya vibati inatosha, au kila moja kwenye mfuko wake mdogo wa plastiki wa kubana mdomo, au kasha lenye vyumba. Betri mbili zisizofunikwa ndani ya mfuko mmoja si ulinzi. Zile za volti 9 za maikrofoni ziangaliwe zaidi ya zote, maana ncha zake mbili zimekaa upande mmoja, wazi.

Sasa mpangilio. Chagua njia moja na usiibadilishe:

Ya mifuko miwili: zilizojaa kulia, zilizoisha kushoto, na mfuko wa kushoto uwe na zipu au kishikizo ili mkono usiingie humo kwa bahati mbaya.

Ya kugeuza: kwenye kasha lenye vyumba, iliyojaa inaingia jina likiwa juu, iliyoisha jina likiwa chini.

Ya kifuniko: kifuniko cha LP-E6 kina tundu lenye umbo la betri. Ukikivisha upande mmoja, rangi ya buluu iliyo kwenye betri inaonekana kupitia tundu, maana yake imejaa, ukikigeuza, haionekani. Wamiliki wengi wa Canon hukaa na kifuniko hicho miaka bila kujua tundu lile ni la nini.

Njia ya mifuko miwili ndiyo tunayoipendelea, kwa sababu inafanya kazi gizani. Kasha zuri linalohitaji kutazamwa halisaidii ukumbi ukiwa umezimwa taa.

Usiziweke zote begi moja. Moja ikae mwilini, mfuko wa ndani, hata siku ya kawaida: begi huachwa kwenye gari au kwenye kiti, wewe uko upande wa pili wa uwanja.

Kubadilisha katikati ya kazi

Badilisha kabla haijazima, ikifika asilimia 10 hadi 15, wakati wa utulivu. Zima kamera. Subiri taa ya kuandika kwenye kadi izimike. Ukichomoa ikiwa bado inawaka unaweza kuharibu picha za mwisho au faili zima la video. Geuza kamera, fungua mlango wa chini, sukuma kishikizo kidogo cha rangi kwa kidole gumba. Springi inaipandisha betri juu. Hapa ndipo pa kuwa na nidhamu: iliyotoka inaenda mfuko wa zilizoisha *kabla* hujagusa mpya. Wengi hushika zote mbili mkono mmoja, mtu anawaita, wanageuka, na sekunde hiyo hawajui tena ipi ni ipi.

Vua kifuniko cha mpya na ukivishe iliyoisha. Ingiza mpya hadi kishikizo kilie, funga mlango, washa, soma asilimia.

Kama unatumia tripodi, jaribu nyumbani kama bamba linalofungwa chini ya kamera linaziba mlango wa betri. Yapo yanayoziba kabisa, na kila betri inakuwa kazi ya bisibisi. Bamba dogo, au kulisogeza, huondoa tatizo.

Betri isipotambuliwa, itoe, futa vibati kwa kitambaa kikavu kisicho na vumbi, irudishe. Uchafu ukiganda, pamba yenye tone la spiriti, uache ukauke. Msasa hapana, unaondoa ile tabaka nyembamba inayozuia kutu, na tatizo litarudi likiwa baya zaidi.

Baridi na joto

Kwenye baridi kali betri haijapoteza umeme wake. Imeshindwa kuutoa kwa kasi. Ukinzani wa ndani unapanda, volti inashuka kamera inapoomba nguvu, na kamera inasoma kuwa imeisha. Ndiyo maana iliyozima kwenye theluji ikikaa mfuko wa ndani, karibu na mwili, nusu saa hivi, mara nyingi hufufuka na kukupa picha kadhaa. Zungusha mbili: moja kwenye kamera, moja kifuani. Ukirudi ndani penye joto, acha betri na kamera kwenye begi lililofungwa hadi zipate joto polepole, vinginevyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu ya vibati.

Joto ni adui mbaya zaidi kwa sababu halijionyeshi siku hiyo. Betri iliyojaa, ndani ya gari lililofungwa juani, inachakaa haraka zaidi kuliko iliyokaa kivulini. Ziweke kivulini, chini ya nguo begini, kamwe si juu ya dashibodi.

Uwanja wa ndege

Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaopakiwa chini ya ndege. Zinapanda na wewe. Moto ukitokea kwenye kabini wahudumu wanaweza kuukabili, chini hawafiki. Hadi Wh 100 kwa betri moja hakuna kibali kinachohitajika, na betri ya kawaida ya kamera haifiki hata robo yake. Kati ya Wh 100 na 160, ambazo ni zile kubwa za kamera za sinema, unahitaji idhini ya shirika la ndege na zisizidi mbili za akiba. Zaidi ya 160, haziendi na abiria. Mwongozo wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, unataja hadi betri 20 za akiba kwa mtu, lakini mashirika huweka masharti yao, kwa hiyo soma ya shirika lako kabla ya kufunga mizigo.

Vibati vifunikwe, mkaguzi ana haki ya kuzichukua zikiwa wazi. Wh isipoonekana kwenye lebo, jiandae kwa mjadala. Na kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu: mlangoni mwa ndege unaambiwa kabini imejaa, begi lako la mkononi litashushwa chini. Betri zote za akiba lazima zitoke humo kwanza. Ziwe kwenye kipochi kimoja unachokichomoa kwa mkono mmoja, foleni ikiwa nyuma yako.

Pawabenki

Kisheria pawabenki ni betri ya akiba: inapanda na wewe kabini, na mipaka ya Wh ni ile ile. Hesabu yake hufanywa kwa volti za seli, 3.7: mAh 20,000 ni Wh 74, na mAh 26,800 ni Wh 99, ndiyo maana nyingi za kusafiria huishia hapo. Usitegemee upate zote. Kubadilisha volti na joto la kuchaji hula sehemu nzuri, hivyo Wh 74 huchaji betri ya Wh 16 takriban mara tatu. Hakikisha kamera yako inachaji *ikiwa imezimwa*, na kama inaweza kuendeshwa na waya ikiwa imewaka. Ni mambo mawili tofauti, na kamera nyingine hufanya moja tu.

Baada ya kazi

Kama hutazitumia kwa wiki kadhaa, usiziache zimejaa wala zimekauka. Asilimia 40 hadi 60, nje ya kamera, mahali pakavu na pa baridi kiasi. Zikague kila baada ya miezi mitatu. Iliyoachwa tupu miezi mingi inaweza kushuka chini ya volti salama, na chaja itaikataa kwa taa ya kupepesa. Usijaribu kuifufua kwa waya.

Betri za lithiamu hudumu takriban mizunguko 300 hadi 500 kabla ya kupungua waziwazi. Kabla ya hapo huweza kuvimba. Ilaze juu ya kioo au meza laini kabisa, uizungushe kwa kidole: nzima inakwaruza na kusimama, iliyovimba inazunguka kama pia au inayumba. Hiyo isirudi kwenye kamera hata mara moja, kwa sababu inaweza kuvimba zaidi humo ndani na isitoke. Ikiwa tayari imekwama, zima kamera, elekeza mlango chini, sukuma kishikizo na ugonge kidogo kwa kiganja. Koleo na bisibisi viache. Ganda likitoboka seli inaweza kushika moto, nawe umeishika usoni. Mpelekee fundi.

Zilizokufa hazitupwi kwenye taka za kawaida. Bandika tepu juu ya vibati, maana hata "iliyoisha" ina umeme wa kutosha kuwasha cheche, uipeleke panapokusanywa taka za elektroniki. Namba yake usimpe betri mpya. Ikifa 3, inayofuata iwe 6, ili kumbukumbu zako za 3 zisimwangukie asiyehusika.